HBV DNA haionekani lakini HBsAg bado pozitivu, sasa virusi viko wapi?

Swali nililoletewa nalifupisha hivi: "Daktari, niligundulika nina homa ya ini B, huu ni mwaka wa tatu natumia tenofovir. Majuzi kipimo cha wingi wa virusi (HBV DNA) kimetoka kwamba havionekani, nikafurahi sana. Ila kwenye karatasi hiyohiyo HBsAg bado pozitivu na nimeambiwa nisiache dawa. Kipimo kipi kinasema ukweli? Kama virusi havipo hiyo HBsAg inatoka wapi? Halafu kuna jamaa kaniambia kirusi hiki kimetoka kwa bata, ni kweli?"

Ndugu yangu, kwanza hongera. Kumeza kidonge kila siku miaka mitatu huku huumwi popote si jambo dogo, wengi wanaishia njiani. Naanza na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: vipimo vyote viwili vinasema ukweli, ila kila kimoja kinatafuta kitu chake. Na bata usimdharau kwenye hii habari, tutamfikia, maana bila yeye mimi leo nisingekuwa na cha kukujibu.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa maabara ya virusi, kwa hiyo mambo ya dozi na lini ubadilishe dawa hayo yabaki kwa daktari anayekuona. Ninachoweza kukupa ni kukuonyesha kinachoendelea ndani ya ini lako.

Tuanze na damu. Chukua damu kidogo ya mtu mwenye virusi vingi ambaye hajaanza dawa, iandae uiangalie kwa hadubini ya elektroni. Utaona vitu vya aina tatu. Kuna vidude vya mviringo vidogo sana, nanomita 22 hivi, vimejaa kila mahali kama mchanga. Kuna vijiti vya unene uleule, vingine vifupi vingine virefu. Halafu hapa kimoja, kule kimoja, kuna vidude vikubwa kidogo, nanomita 42, ambavyo ukivitazama vizuri vina kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Hivyo vikubwa ndo virusi vyenyewe, vizima, aliyevieleza ni David Dane mwaka 1970 na mpaka leo tunaviita chembe za Dane. Ukivipanga mstari kwenye milimita moja vitaingia kama 24,000. Mimi mara ya kwanza kuonyeshwa picha ya namna hiyo nilidhani vile vidogo ni uchafu wa sampuli. Kumbe sio uchafu, ni maganda. Ni ganda la nje la kirusi lililotengenezwa na kutolewa bila kitu ndani, halina DNA, haliwezi kumwambukiza mtu yeyote. Na ni mengi kupita kiasi, kwa kila kirusi kimoja kizima unaweza kukuta maganda matupu 1,000 na yanaweza kufika hata 100,000.

HBsAg unayoiona kwenye karatasi yako ni protini ya hilo ganda. Basi. Kipimo cha HBsAg kinauliza "maganda yapo?" na kipimo cha HBV DNA kinauliza "kuna virusi vyenye mzigo ndani?" Kwako maganda yapo, yenye mzigo hayaonekani.

Na hili ganda lina historia yake. Baruch Blumberg na wenzake walipochapisha habari zake mwaka 1965 hawakujua hata kama wameshika kirusi, walikuwa wanalinganisha damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia wakakuta protini ya ajabu kwenye damu ya Mwaborijini mmoja wa Australia, wakaiita antijeni ya Australia. Yalikuwa ni haya maganda. Chanjo ya kwanza iliyoruhusiwa mwaka 1981 ilitengenezwa kwa maganda hayohayo yaliyochujwa na kusafishwa kutoka damu ya watu wenye maambukizi, halafu kuanzia 1986 ikaja ile ambayo ganda linatengenezwa na hamira, hiyo ndo watoto wanachomwa siku hizi. Blumberg alipewa Nobeli 1976. Kwa nini kirusi kinatoa maganda mengi hivyo? Maelezo ambayo wengi wetu tunayakubali ni kwamba yanamaliza nguvu za kinga ya mwili, yaani kingamwili zinahangaika kukamata maganda matupu huku vizima vinapita.

Sasa tuingie ndani ya seli, hapa ndo penye jibu lako.

Kirusi kikifika kwenye ini kinatafuta mlango. Seli za ini zina protini kwenye ukuta wake inaitwa NTCP, kazi yake ya kila siku ni kurudisha chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Kirusi kinaushika huo mlango na kuingilia hapo. Hili tumelijua mwaka 2012 tu, kutoka maabara ya Wenhui Li kule Beijing, kabla ya hapo watu walihangaika miongo kadhaa hawaelewi kwa nini kirusi hiki kinakaa ini na sio mapafu au figo. Kikiingia kinavua ganda, kinabaki na kasha la ndani, kasha linapeleka DNA kwenye kiini cha seli, pale DNA yako wewe mwenyewe inapokaa.

Hiyo DNA ya kirusi ni fupi mno. Ni duara la herufi 3,200 hivi, wakati seti moja ya DNA yako ina herufi bilioni 3 na zaidi, kwa hiyo yako ni ndefu kama mara milioni moja. Nataka nikae hapa kidogo maana napapenda. Herufi 3,200 zinatoshaje kutengeneza kirusi? Andika KATAKATAKATA bila kuacha nafasi. Ukianza mwanzo unasoma kata, kata, kata. Ruka silabi moja ya kwanza uanze tena, unasoma taka, taka. Maandishi ni yaleyale, hujaongeza herufi hata moja, ila umepata neno jingine. Kirusi hiki kinafanya hivyo kwenye zaidi ya nusu ya DNA yake, na jeni ya lile ganda imelala yote ndani ya jeni ya kimeng'enya cha kunakili DNA, herufi zilezile zinasomwa kwa kuanzia sehemu mbili tofauti zinatoka protini mbili zisizofanana hata kidogo. Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini kirusi hiki kinabanwa kwenye kubadilika, kikibadilisha herufi moja upande wa kata basi kimeigusa na taka, mara nyingi moja kati ya hizo mbili inaharibika.

Turudi kwenye kiini cha seli. DNA iliyofika pale haijakamilika, uzi mmoja ni mzima lakini haujafungwa, uzi wa pili ni mfupi una pengo, na kwenye ncha moja kuna kile kimeng'enya cha kirusi kimeng'ang'ania. Seli yako ina mafundi wake wa kukarabati DNA, kazi yao ni kuzunguka kutafuta palipokatika. Wanaikuta hii wanaiona ni DNA iliyoharibika, basi wanatoa kile kimeng'enya, wanajaza pengo, wanafunga ncha zote. Yaani seli yenyewe ndo inamalizia kazi ya kirusi. Kinachotoka hapo ni duara lililofungwa kabisa, limezungushiwa protini zilezile zinazoshika DNA yako, sisi tunaliita cccDNA. Linakaa kwenye kiini cha seli kimya, na seli ya ini sio ya kufa leo na kesho, inaishi muda mrefu na inagawanyika mara chache. Dawa zote tulizonazo leo za kumeza haziligusi duara hilo. Umekata matawi yote ndugu yangu, kisiki bado kipo.

Kutoka kwenye duara hilo seli inanakili RNA za aina kadhaa, yaani nakala za kazi za maandishi ya DNA. Za fupi zinaenda moja kwa moja kutengeneza maganda, yaani HBsAg. Ya ndefu ndo yenye safari, na safari hiyo ni ya ajabu kuliko karibu kila kitu nilichowahi kusoma kuhusu virusi. Ile RNA ndefu inajikunja sehemu moja, kimeng'enya kinaikamata pale, halafu protini za kasha zinaanza kuizunguka mbilimbili, jozi kwa jozi mpaka jozi 120, kasha linafunga. Humo ndani ya kasha lililofungwa, kimeng'enya kinaanza kuandika DNA kwa kusoma RNA, kinyumenyume na ilivyozoeleka, huku RNA yenyewe inakatwakatwa nyuma yake kadiri kinavyosonga. Kikimaliza uzi wa kwanza kinaanza wa pili, na mara nyingi kasha linavikwa ganda na kutolewa nje kabla uzi wa pili haujaisha. Ndo maana kule mwanzo nilisema una pengo. Makasha mengine hayatoki nje, yanageuza yanarudi kwenye kiini cha seli kuongeza maduara mengine.

Tenofovir inafanya kazi humo ndani ya kasha, hapo tu. Inajifanya herufi ya DNA, kimeng'enya kinaichukua kinaibandika kwenye uzi, lakini herufi hiyo haina sehemu ya kushikia inayofuata, uzi unaishia hapo. Entecavir, dawa nyingine ya homa ya ini B, nayo inasimamisha kimeng'enya hichohicho. Kwa hiyo DNA mpya haiandikwi, virusi vizima havitoki, HBV DNA kwenye damu inashuka mpaka mashine haioni. Lakini zile RNA fupi za maganda hazipiti kwenye hiyo hatua kabisa! Duara lipo, linaendelea kunakiliwa, maganda yanatoka kama kawaida, dawa haina habari nayo. Hapo ndo HBsAg yako inapotokea.

Kuna chanzo cha pili nacho, hiki watu wengi hawaambiwi. Mara nyingine kunakili kule ndani ya kasha kunakosea, badala ya duara kinatoka kipande kilichonyooka, na kipande hicho kikifika kwenye kiini cha seli kinaweza kujichomeka kwenye kromosomu yako. Kikishachomekwa hakiwezi tena kutengeneza kirusi kizima, ila kinaweza kutoa HBsAg siku zote za uhai wa seli hiyo na watoto wake. Kwa watu waliobeba maambukizi miaka mingi, hasa wale ambao HBeAg yao (protini nyingine ya kirusi inayopimwa kwenye damu) imeshakuwa negativu, sehemu kubwa ya HBsAg inaweza kuwa inatoka huko. Na kujichomeka huku ni mojawapo ya njia ambazo kirusi hiki kinaleta saratani ya ini, kwa hiyo daktari akikuambia uendelee kupiga ultrasaundi kila miezi 6 wakati virusi havionekani usione anakusumbua. Dawa imepunguza hatari sana lakini haijaifuta, vipande vilivyokwisha kuingia vipo.

Haya, bata.

Jamaa yako kasikia kitu cha kweli akakigeuza. Kirusi cha homa ya ini B kipo kwenye familia inayoitwa Hepadnaviridae, "hepa" ni ini na "dna" ni hiyo DNA. (Na usichanganye, homa ya ini A, C na E sio ndugu zake hata kidogo, virusi vyake ni vya familia nyingine kabisa vyenye RNA, vimepewa jina moja kwa sababu vyote vinaumiza ini.) Mwaka 1978 walitangaza ndugu yake wa kwanza kwa marmoti wa Marekani Kaskazini, mnyama mnene wa jamii ya kindi anayechimba mashimo. Mwaka 1980 wakatangaza mwingine kwa bata. Baadaye wakaja kupatikana kwa korongo, kwa popo, kwa samaki, kwa chura, na mwaka 2018 hata kwa paka wa nyumbani. Kirusi cha bata hakikuambukizi wewe na chako hakimwambukizi bata, maana mlango kinaoingilia kwenye ini la bata ni protini nyingine tofauti. Ni binamu, sio baba.

Lakini angalia binamu huyo alitufanyia nini. Kirusi cha binadamu kilikuwa kigumu kukuza maabara. Bata anakipata kutoka kwa mama yake kupitia yai, anaanguliwa nacho, ini lake limejaa virusi na yeye anaendelea na maisha bila kuugua sana. Mwaka 1982 Jesse Summers na William Mason walichukua ini la bata, wakatoa yale makasha ya ndani, wakakuta DNA inaandikwa kwa kusoma RNA. Hakuna aliyetegemea kirusi cha DNA kufanya hivyo, ilijulikana ni kazi ya virusi vya kundi la retro, kundi ambalo baadaye tulikuja kujua VVU navyo vimo. Tofauti ni mpangilio tu: VVU vinasafiri na RNA na kuigeuza DNA vikishaingia kwenye seli, hivi vya kwetu vinageuza kabla ya kutoka na kusafiri na DNA. Kwa sababu vimeng'enya vyao vina undugu, dawa moja inavipiga wote wawili, tenofovir unayomeza wewe ndo hiyohiyo iliyo ndani ya vidonge vingi vya VVU. Hiyo pia ndo sababu ulipimwa VVU kabla ya kuanzishiwa, maana mwenye vyote viwili akipewa tenofovir peke yake VVU vitaizoea dawa.

Marmoti naye alitufundisha jingine. Wakiambukizwa wakiwa wachanga na maambukizi yakabaki, karibu wote wanapata saratani ya ini ndani ya miaka michache, na hiyo iliondoa ubishi mwingi wa kwamba eti kirusi kinamkuta tu mtu ambaye tayari ini lake ni bovu.

Na ukoo huu ni wa zamani mno. Mwaka 2018 walisoma DNA ya kirusi hiki kutoka kwenye mifupa ya watu waliozikwa Ulaya miaka kama 7,000 iliyopita. Kwenye DNA ya ndege kuna mabaki ya jamaa zake yaliyojichomeka zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, yaani ndege wa leo wanarithishana kipande cha kirusi kilichomwingia babu yao enzi za dinosaria. Na kwa samaki kuna ndugu wa mbali wasio na ganda la nje kabisa, wanaokadiriwa kuachana na upande wetu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ukiwaza hivyo, duara linalokaa kimya kwenye seli sio bahati, ni ufundi uliochukua muda mrefu sana kuiva.

Utauliza, mbona kinga yangu haikulifuta? Kirusi chenyewe hakiui seli za ini, kinachoumiza ini ni askari wako mwenyewe wanapozishambulia seli zilizoambukizwa. Mtu mzima akiambukizwa askari wanaamka, anaumwa au haumwi, na zaidi ya 95 kati ya 100 wanakimaliza. Mtoto mchanga kinga yake inakizoea, na karibu 90 kati ya 100 wanabaki nacho. Kwa hiyo wewe ambaye umebaki nacho kuna uwezekano mkubwa ulikipata udogoni, pengine siku ya kuzaliwa. Naomba sana, mama yako na ndugu zako wa tumbo moja wapimwe, na unayeishi naye na watoto wapimwe, wasio nacho wachanjwe. Kama kuna mtoto anatarajiwa, chanjo ya kwanza achomwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, saa hizo ndo zenye kazi.

Kuhusu kuacha dawa: usiache mwenyewe. Ukiacha, kile kimeng'enya kinarudi kazini, makasha yanajaa, na kinga inaweza kushtuka na kulishambulia ini lote kwa mpigo, watu wamewahi kufa kwa hilo. Alama tunayoisubiri ni HBsAg yenyewe kupotea na kubaki imepotea. Kwa vidonge pekee inatokea kwa mtu kama 1 kati ya 100 kwa mwaka, ni wachache lakini wapo, na daktari wako anaweza kuomba kipimo cha kiasi cha HBsAg, kile kinachotoa namba badala ya pozitivu au negativu, muone kama namba inashuka mwaka hadi mwaka.

Na ikitokea siku HBsAg ikawa negativu, bado maduara machache yatabaki kwenye seli chache yakiwa yamenyamazishwa na kinga. Siku yoyote mbele ukihitaji dawa za saratani au dawa za kushusha kinga, mfano rituximab, mwambie daktari huyo mapema kwamba uliwahi kuwa na homa ya ini B, hata kama ni miaka 20 imepita, ili akurudishie kidonge kabla hajaanza.